Siku ya Kumwoshea Mkwe

Vitus alikuwa amewahi kusimamia posa kadhaa, zote za watu wengine, na zote zilikubaliwa. Jambo hilo lilimfanya ajione bingwa wa kazi ambayo kwa kweli haihitaji zaidi ya kukaa kwenye kiti cha plastiki, kusifia nyumba ya watu na kutoshiba haraka. Ujanani alizunguka sana. Alikuwa utingo wa malori ya Tunduma, akachoma mkaa, akauza vitunguu, akalinda maghala, na kote alikopita watu walimwona ana mdomo unaofaa kutumwa ukweni. Lakini posa ya safari hii ilimnyima raha, maana ilikuwa ya Sosthenes.

Sosthenes alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Alikuwa na kituo cha kuoshea magari Uyole, Mbeya, pale malori yanapopunguza mwendo, na alikuwa mgane. Tangu mkewe afariki, miaka ilipita hana maongezi ya maana na mtu yeyote ila na mashine yake ya presha, na mashine nayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa inamjibu. Basi siku moja akaja Eveline, muuza pembejeo, kuoshesha pikapu ya dukani kwao. Kazi ilipokwisha akamwambia Sosthenes kwamba kaacha tope chini ya madigadi. Sosthenes akabisha. Eveline akainama, akachokonoa bonge la tope, akamwekea kiganjani. Kuanzia siku ile Sosthenes akaanza kunyoa ndevu.

Vitus alimjua kijana wake. Huyu hakuwa mtu wa kujaribu mara mbili. Akimkosa Eveline, angerudi kwenye mashine yake na angezeeka nayo, wakisifiana.

Barua ya posa ikapelekwa Ilula kwa wazazi wa binti. Jibu likarudi kwa simu, likiwa na sauti ya baba yake, Mzee Aroni mwenyewe, mkulima wa nyanya, sauti ya mtu ambaye hajakatizwa maneno tangu azaliwe.

"Barua nimeiona," alisema. "Karatasi nzuri, mwandiko mzuri. Lakini barua hata mvivu anaandikiwa. Mimi nilipomtaka mama yao nililima kwa baba mkwe kutwa nzima, wazee wamekaa pembeni wananitazama mgongo. Basi na yeye aje. Aje na chombo chake cha kazi, afanye kazi hapa kwangu asubuhi mpaka chakula. Tukishakula, mshenga, nakupa jibu."

"Tumesikia, mzee," alisema Vitus, na moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu. Jembe Sosthenes aliligusa mara ya mwisho shule ya msingi, kwenye mahindi ya mwalimu mkuu, akajikata kidole cha mguu.

Ajabu ni kwamba Sosthenes alifurahi.

"Kasema chombo changu cha kazi, mjomba. Hakusema jembe."

"Usiniambie."

"Naifunga kwenye kirikuu leo hii."

Kutoka Mbeya mpaka Ilula kwa kirikuu, kile kipikapu chenye matairi kama ya toroli, ni safari ya kukutoa mgongo. Vitus alikuwa amepanga kuitumia kumfundisha kijana adabu za ukweni. Hakupata nafasi. Hata Igawa walikuwa hawajafika, somo lilishaanza, ila mwalimu hakuwa yeye.

"Watu wanafikiri ni bomba tu lenye hasira," alisema Sosthenes. "Sivyo. Injini inazungusha pampu. Ndani ya pampu kuna pistoni tatu nyembamba, kama mabomba ya sindano ya daktari wa ng'ombe. Moja inavuta maji, nyingine inasukuma, zinapokezana. Sasa hewa ukiibana inakubali. Maji hayakubali, mjomba. Ukiyabana yanatafuta pa kutokea. Yanasukumwa kwenye mpira, yanafika kwenye bunduki ya kupulizia, mbele yanakuta tundu dogo kabisa. Yafanyeje?"

"Yatoke."

"Yatoke kwa kasi. Nguvu yote iliyobanwa inageuka mwendo. Tairi la hiki kigari lina presha ya bar mbili na ushee. Pampu yangu inasukuma bar mia na hamsini."

"Ukifika kwa watu," alisema Vitus, "huketi kabla hujaambiwa."

"Na maji haili. Ukiosha lori kwa mpira wa kawaida unamaliza tangi zima. Hii inakula kidogo tu. Watu hawaamini."

Vitus akageukia dirishani, akatazama mashamba ya mpunga ya watu waliokuwa na bahati ya kufanya kazi kimya.

Makambako walisimama wakanunua mahindi ya kuchoma. Vitus akaona hapo ndipo, maana kinywa cha kijana kilikuwa kimejaa.

"Sikiliza. Ukoo ule bado wameshika mila. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Ukimwona anakuja, unapisha njia. Yeye akikusikia, anaingia ndani. Mkigongana macho ni aibu ya nyumba nzima, na mzee anaweza kuvunja maneno papo hapo. Umeelewa?"

Sosthenes akameza. "Nimeelewa. Nitamwona wapi, mjomba? Mimi nikiwa kazini simwoni mtu."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Kutoka Mafinga kwenda Iringa ikawa zamu ya nozeli, yaani vile vimdomo vya kuchomeka mbele ya bunduki. Vitus alijifunza, kwa kuwa mlango wa kirikuu haufunguki gari likitembea, kwamba nyekundu inatoa maji mstari mmoja kama mshale, njano inayatanua kidogo, kijani zaidi, nyeupe inayafungua kama feni kwa ajili ya vioo na rangi, na nyeusi ni ya sabuni, haina ubavu.

"Nyekundu huisogezi karibu na kitu unachokipenda," alisema Sosthenes kwa heshima, kama anayemtaja chifu. "Inachimba. Ikikupata mkono unaona kidonda kidogo kama cha mwiba, unacheka, kumbe maji yameingia mpaka ndani ya nyama. Nimeona mtu kakatwa kidole."

"Na wewe hiyo ndiyo unaipeleka kwa wakwe."

"Naipeleka na wenzake, mjomba. Ziko tano."

Walilala gesti ya Mlandege, kwa baridi ya Iringa isiyojua mgeni wala mwenyeji. Asubuhi wakateremka mji, wakashika njia ya Ilula, wakapita wauza nyanya wa barabarani waliokimbilia dirishani na ndoo zao, wakakata kushoto kwenda kwa Mzee Aroni.

Ukoo ulikuwa umeshapangwa kwenye mabenchi. Mbele kabisa alikaa shangazi Yusta, dada wa Mzee Aroni, amejifunga shali ya sufu na uso wa hakimu aliyesoma hukumu kabla ya kesi. Nyumba kubwa ilikuwa nzuri, imepigwa lipu. Upande mmoja banda la nguruwe. Nyuma, likitazamana na uwanja, jiko la nje la tofali za kuchoma, limejaa masizi na madoa mekundu ya matope ya mvua. Kirikuu kilipolia tu, Mama Severina, mama wa binti, alichukua ungo wake akaingia jikoni na wanawake wawili, mlango ukafungwa. Pale ndipo angekaa mpaka chakula. Mila ikawa imetulia mahali pake.

"Kamwene," alisema Vitus.

"Kamwene," ukoo ukaitikia.

Eveline akatoka nyumba kubwa kusalimia. Akatazama mzigo nyuma ya gari.

"Umekuja na mashine."

"Baba kasema chombo cha kazi."

"Baba alimaanisha..." Akaacha. "Haya. Madigadi umeosha?"

"Nimeosha."

Akainama, akapitisha mkono chini ya madigadi, akautazama mkono. Ulikuwa safi. Akarudi ndani, ila Vitus aliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Mzee Aroni aliizunguka mashine kama anayenunua dume la ng'ombe.

"Jembe lenyewe ndiyo hili?"

"Ndiyo, baba."

"Mpini uko wapi?"

Mabenchi yakacheka. Sosthenes hakusikia, alishaanza kazi. Akaunga mpira kwenye tangi la maji, akabonyeza bunduki injini ikiwa bado imezimwa, maji yakachuruzika kivivu.

"Yaishe hewa kwanza," aliueleza ukoo, ambao haukuwa umeuliza. "Pampu ikimeza hewa inajitafuna yenyewe."

"Anainywesha," shangazi Yusta akamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikiwa barabarani. "Zamani mkwe alikuwa anakuja kutoa jasho. Huyu kaja na kitu cha kumtolea."

Kisha injini ikavutwa, ikanguruma, na maneno ya shangazi hayakusikika tena. Hilo Vitus alilihesabu kuwa faida ya kwanza ya mashine ile.

Faida ya pili ilionekana bandani. Nguruwe walihamishwa, Sosthenes akaingia na nozeli ya njano, na mavi yaliyokaa pale yakikanyagwa msimu hadi msimu yakaanza kubanduka vipande vipande kama maganda ya muhogo. Chini yake ikatokea sakafu. Mzee Aroni mwenyewe alisogea kuitazama. Alikuwa ameshasahau kwamba aliwahi kuimwaga.

Baada ya banda likafuata bati la nyumba kubwa. Sosthenes akapanda ngazi, akaweka nyeupe, akasimama mbali kidogo na kupitisha maji kwa upole. Vumbi jekundu la barabara kuu likateremka kama uji, na bati likawa la bluu. Ukoo ukagawanyika papo hapo, wapo waliosema siku zote lilikuwa la bluu, wapo waliosema walihudhuria siku linapigiliwa na lilikuwa la kijani. Likafuata trekta dogo la mkono, ambalo chini ya tope lilikutwa na namba na jina la kiwanda. Yakafuata matenga ya nyanya, na hapo hata waliokuwa wananuna walinyanyuka, maana tenga lenye mabaki ya nyanya iliyooza linaambukiza mzigo mpya wote, na kuyasugua kwa brashi ni kazi ambayo kila mwenye shamba huwa anaipangia kesho.

Habari ikavuka ua. Jirani Benjamini akaleta baiskeli. Aliporudi alileta mlango wa nyumba yake, ameubeba kichwani, nyumba ameiacha wazi. Mwingine akaja na mbwa, akarudishwa.

Sasa shangazi Yusta alikuwa amehama benchi, amesimama nyuma ya Sosthenes anaonyesha kwa kidole. "Pale. Na pale. Umeruka hapo, mwanangu." Mwanangu. Vitus alilisikia neno hilo na badala ya kufurahi akaogopa. Alimjua mpwa wake alivyo akisifiwa. Alikuwa ameshaanza kutembea kifua mbele, bunduki begani, kama askari aliyekomboa mji kutoka kwa mavi ya nguruwe.

"Bado jiko," alisema Mzee Aroni.

Wote wakaligeukia. Baada ya usafi ule wote, jiko lilionekana kama jino bovu.

Vitus akasogea. Katika kuzunguka kwake aliwahi kubeba tofali na kukanyaga udongo, na alijua kuuliza. "Mzee, tofali za hili jiko uliziunga kwa kitu gani? Kijana ajue apige kwa nguvu gani."

Mzee Aroni akatazama mabenchi. Mabenchi yalikuwa yanamtazama yeye.

"Saruji," akasema. "Nilijenga mwenyewe, kwa mikono hii. Saruji tupu, chini mpaka juu. Hapa Ilula watu wanaunga tofali kwa udongo, halafu wanapitisha saruji juu ya viungo kama poda. Mimi si mtu wa poda."

"Na ndani kuna mtu?" aliuliza Sosthenes.

"Yumo mama. Ukuta si upo? Hamtaonana."

Sosthenes akaanza na kijani, kistaarabu. Matope yakatoka, masizi yakagoma. Akasogea, akaweka njano. Masizi yakafifia, hayakuondoka. Shangazi Yusta akatikisa kichwa kidogo tu, na kile kichwa kilichotikiswa kidogo ndicho kilichofanya kazi. Sosthenes akaingiza mkono mfukoni, akatoa nyekundu.

"Saruji inavumilia," akasema.

Ikavumilia, kwa muda. Kisha kwenye viungo vya tofali kukaanza kutoka maji mazito, mengi, yanateremka ukutani na kutengeneza kijito mpaka miguuni kwa watu.

"Mnaona?" alipaza sauti Sosthenes, juu ya mlio wa injini. "Mnaona uchafu huo?"

Waliuona. Wakaguna kwa mshangao wa watu waliokuwa wanapikiwa humo miaka yote. Kadiri alivyochimba ndivyo uchafu ulivyozidi, na kadiri ulivyozidi ndivyo alivyochimba, akifuata kiungo kwa kiungo, mstari wa chini kwanza, kwa uangalifu mkubwa, asiache hata kimoja. Hakuna fundi aliyewahi kubomoa ukuta kwa unadhifu ule.

Vitus akatazama maji. Masizi ni meusi. Haya yalikuwa mekundu. Akajiuliza ni uchafu gani huu usiokuwa na mwisho, na hapo akamtazama Mzee Aroni, akakuta mzee naye ameacha kutabasamu. Alikuwa anaangalia kile kijito kinavyopita kati ya viatu vyake kama mtu anayeangalia siri yake ikitoka nje kwa miguu. Neno moja lingetosha. Angesema "acha" na kila kitu kingesimama. Lakini neno hilo lingehitaji maelezo mbele ya ukoo, na Mzee Aroni akaona afadhali asubiri, huenda ukuta nao ungeona aibu ukasimama.

"Sosthenes, zima!" Vitus aliita. Injini ikalimeza jina na neno.

Tofali moja ikateleza ikatoka, taratibu, kama droo. Kisha ukuta ukatoa tumbo. Kisha ukakaa chini, wote, kwa nje, na mlio wake haukuwa mkubwa hata kidogo, ulikuwa kama wa gunia la viazi linalotuliwa.

Vumbi halikuwepo, kila kitu kilikuwa kimelowa. Kwa hiyo watu waliona mara moja. Ndani ya jiko wale wanawake watatu hawakuwa kwenye moto. Walikuwa wamekaa kwenye vigoda, bega kwa bega, wamegeukia uwanjani pale ambapo dakika moja iliyopita palikuwa na ukuta wenye matundu ya hewa, na katikati yao bakuli la karanga. Mama Severina alikuwa amebaki na karanga moja mkononi, njiani kwenda kinywani.

Paa likalia. Boriti iliyokuwa imelala juu ya ukuta ikaanza kushuka upande wa kwake. Wanawake wawili wakatokea mlangoni kama kuku. Mama Severina akasimama, kigoda kikamnasa khanga, akabaki hapo hapo. Sosthenes akaitupa bunduki, maji yakakatika, akaruka tofali, akaidaka boriti kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

Ndipo alipojua amesimama wapi. Mama mkwe alikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kuhesabiana kope. Mikono haikuwa na nafasi ya kuziba uso, na kugeuka hakuweza. Akafanya kilichobaki. Akafumba macho, akayabana mpaka pua ikakunjamana.

Injini bado ilikuwa inanguruma peke yake uwanjani.

"Mtu akaizime," alisema Sosthenes kwa sauti nyembamba, macho yamefumbwa. "Bunduki ikifungwa maji yanazunguka humo humo ndani ya pampu, yanachemka. Itaua sili, vile vipira vya kuzuia maji."

Eveline ndiye aliyekwenda. Akazima swichi, akaokota bunduki, akaibonyeza ikatema presha iliyobaki kwenye mpira, akailaza vizuri.

"Wameonana," alisema shangazi Yusta.

"Sijaona," alisema Sosthenes.

"Ulifumba kabla au baada?"

"Wakati."

Mabenchi yakaanza kuchambua. Mzee mmoja alisema kuonana ni kwa wawili, na kama mmoja amefumba basi kilichotokea ni nusu. Mwingine akauliza, mama amemwona au hakumwona? Amemwona. Basi nusu ya aibu inatozwa nini, kuku au shuka? Wa tatu akakumbusha kwamba wazee wa zamani hawakuacha neno lolote kuhusu mkwe anayebomoa ukuta kwa maji, na huenda ni kwa sababu walikuwa na akili ya kutowaza jambo kama hilo. Boriti ilikuwa inatetemeka. Maji yalimtiririka Sosthenes kutoka kwenye viwiko mpaka kwapani.

Mzee Aroni akaona nafasi, akasimama juu ya rundo la tofali ili awe mrefu.

"Nilisema aje na chombo cha kazi," akasema. "Huyu amekuja na chombo cha vita. Amebomoa nyumba yangu na kumvua mke wangu heshima mbele ya ukoo. Mshenga, chukua kijana wako na jini lake. Maneno yetu yame..."

"Baba Eveline," alisema Mama Severina. Hakupandisha sauti. "Saruji iko wapi?"

Mzee Aroni akatazama chini, alipokanyaga. Wote wakatazama. Tofali zilikuwa zimelala pale zimetakata pande zote, kila moja peke yake, kama zimetoka tanuruni jana. Hakuna hata mbili zilizokuwa zimeshikana.

"Ilikuwepo," alisema Mzee Aroni.

"Ilikuwepo wapi?"

"Juu juu." Akajikohoza. "Kama poda."

Jirani Benjamini, aliyejenga kwa udongo na kuchekwa kwa hilo muda wote, aliuegemea mlango wake msafi na kutabasamu kwa raha ya mtu aliyesamehewa deni.

"Hiyo tutaongea baadaye," Mama Severina alisema. "Sasa hivi mnagawana kuku na mashuka, paa liko mikononi mwa mtu. Na wewe, fumbua macho. Unayumba. Utaniangushia bati."

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

"Heshima, mama."

"Mimi nimekutazama tangu umeshuka kwenye gari. Nimekuona unavyoosha, nimekuona unavyojikuna. Hawa wenzangu wamekuona pia, karanga zimeisha tukikutazama. Leo uso wangu ndiyo utakuua? Fumbua."

Sosthenes akafumbua jicho moja, halafu la pili, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Shika vizuri."

Shangazi Yusta alivuta shali akajifunika uso mzima, kwa niaba ya ukoo. Vitus akaja mbio na nguzo ya shambani, Eveline akaikita chini, wakaisimamisha chini ya boriti mpaka paa likatulia. Sosthenes akateremsha mikono. Hakujua aiweke wapi. Eveline akamkunjulia vidole kimoja kimoja, mbele ya baba yake, bila haraka, na Mzee Aroni akajishughulisha sana na kupanga tofali.

Jibu lilikuwa bado. Mzee alisema tukishakula, na neno lake alikuwa hajalirudisha, wala la kuvunja hakulimaliza. Basi watu wakakaa kusubiri chakula, wote wanajua kinachosubiriwa si chakula. Sosthenes alikaa pembeni ya Vitus, amelowa, ametazama magoti yake. Hakuitaja mashine hata mara moja. Vitus alijikuta anatamani aitaje.

Sufuria ya maharage ilikuwa wazi ukuta ulipokaa chini na tope kurukia ndani, na ugali ulikuwa umeshapakuliwa. Hakuna aliyesema lolote juu ya rangi yake. Kwa kawaida chakula cha wanaume kingeletwa na wasichana. Mama Severina alikibeba mwenyewe, akavuka uwanja wote kwa mwendo wa kwenda kanisani, akasimama mbele ya Sosthenes, akampa sahani mkononi kwa mkono wake.

"Kula."

Akala. Vitus, aliyekaa karibu, aliisikia kila tonge ikisagika, krr, krr, kama gari linalogeuza kwenye kokoto. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka tonge ya kwanza kinywani na ameshaamua kuimeza bila kutafuna.

"Chakula kikoje?" aliuliza Mama Severina.

Sosthenes akameza. Akamtazama usoni, safari hii bila kuambiwa.

"Kitamu sana, mama. Hakina kasoro."

Upande wa pili wa mkeka Mzee Aroni alikuwa ameacha kutafuna. Akapeleka ngumi mdomoni kama anayekohoa, akatemea kokoto humo, akaificha chini ya goti, akasema kwa sauti kwamba kwa kweli maharage ya leo ni ya pekee.

Mama Severina akamtazama mumewe. Akamtazama kijana. Akakaa kwenye kigoda kati yao.

"Wanafanana," akamwambia Vitus. "Mwambie mwenzako atoe jibu, chakula kimekwisha."

Vitus akafungua mdomo kuanza maneno ya mshenga, yale marefu, yenye maua na bustani. Mzee Aroni akamkatiza kwa mkono.

"Jibu ni ndiyo," alisema. "Atabaki hapa mpaka ukuta usimame. Na leo mtu asiniulize tena kitu chochote."